Waonjaji Saba na Asali ya Mahameni

Asali haionjwi kwa ulimi wa jirani.

Mmeisikia leo kwa Mzee Lutonja, mkaja mbio kuniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeizaa. Hata sababu ya yeye kuisema nimeshaipata. Mlikaa kikao cha timu yenu ya mpira, mtu mmoja akasema kocha afukuzwe, mikono yote ikapanda juu. Mzee alipowauliza mmoja mmoja kosa la kocha ni lipi, kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Msininunie. Mkono wa namna hiyo hata mimi nimewahi kuunyanyua, na si mara moja. Haya, kaeni. Wewe mwenye kaptula nyekundu jisogeze, moshi wa jiko usikuumize macho. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Ugalo, ndani kabisa ya misitu ya miombo, mahali ambapo mtu aliamka na mvumo wa nyuki na kulala nao, mpaka akausahau kama unavyosahau pumzi yako. Watu wa Ugalo walikuwa warina asali. Walichonga mizinga, wakaipandisha mitini, na msimu ulipofika wanaume waliingia msituni na vijinga vya moto wakarudi na asali ndani ya vilindo. Kilindo ni pipa la gome la mti, lina kifuniko chake, na linanukia lenyewe hata likiwa tupu.

Asali ya kwanza ya msimu haikuguswa na mtu mpaka ionjwe. Waonjaji walikuwa saba, na kila mmoja alikuwa amerithi kigoda chake kwa mzazi wake. Waliketi duara, kilindo katikati, kijiji kizima kimesimama nyuma yao. Upawa mmoja ulipita mkono kwa mkono. Mwonjaji alichota, akameza, akatamka neno moja kati ya mawili: tamu au kali. Hapakuwa na kuuliza wala kueleza. Likitoka "kali" hata moja tu, asali yote inamwagwa. Wa saba akishasema, yeye ndiye hufunga kilindo kwa nta na kugandamiza kidole gumba chake juu yake. Jua likipinda huifungua nta hiyo mwenyewe, na bakuli la kwanza humpa kwa mkono wake mwanamke aliye karibu kujifungua, anywe mpaka mwisho apate nguvu. Lile neno "kali" lilikuwa halijasikika miaka mingi, hata watoto wakalifanya neno la kutaniana.

Kigoda cha saba kilikuwa cha mwanamke aitwaye Nyamizi. Alikuwa amekikalia msimu mmoja tu, baada ya mama yake kufariki, na bado alikikalia kama mgeni, nusu ya makalio nje. Lakini ulimi alikuwa nao. Mama yake alimfundisha tangu akiwa mdogo: alimfunga kitambaa machoni, akamtia asali mdomoni na kumwambia, "Niambie umefika wapi." Na Nyamizi alikuwa akifika kweli. Asali ikiyeyuka mdomoni, aliona mahali. Aliuona mninga umesimama peke yake kwenye mbuga na maua yake ya manjano, au mkwaju kando ya kijito, na nyuki wakiingia na kutoka kwenye mwanga. Hakumwambia mtu yeyote jambo hilo isipokuwa mama yake, na sasa mama yake hayupo.

Alikuwa na binti mmoja, Kabula. Kabula alikuwa ameshika mimba mara mbili, na mara zote mbili zikatoka. Ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa salama, na Nyamizi alikuwa akitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe, kana kwamba kishindo kingemwamsha mkosi uliolala. Msimu ule bakuli la kwanza lilikuwa la Kabula. Hapakuwa na mwingine.

Sasa mwaka huo moto ulikuwa umepita msituni. Ulianza kwa mtu aliyekuwa akichoma shamba, upepo ukauchukua, ukatembea siku nne. Maua ya miti yakaungua yangali machanga. Warina asali wakaenda mizingani wakakuta masega makavu kama maganda ya karanga. Mkuu wao, mtu mmoja mwenye mabega mapana aitwaye Msonda, akasema hatarudi Ugalo mikono mitupu, na wakaendelea mbele. Walipotea siku kumi. Waliporudi walikuwa na vilindo vinne, mikono imevimba kwa kuumwa na nyuki hadi viwiko havikunjiki. Watu walilia kwa furaha. Hakuna aliyewauliza asali ile wameipata wapi, na wao hawakusema.

Asubuhi ya kuonja ilikuwa na ukungu. Moshi wa moto ule wa msituni ulikuwa bado haujaondoka, ukachanganyika na ukungu, na jua likawa linaonekana jekundu na dogo, unaweza kulitazama bila kupepesa. Watu walikuwa wamesimama ndani ya weupe ule wanaonekana vifua na vichwa tu. Mahali fulani, hujui ni wapi, nyuki walikuwa wakivuma.

Wa kwanza kuonja alikuwa Mzee Ngasa, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kile tangu Nyamizi hajazaliwa. Alichota, akameza, akapangusa ndevu. "Tamu," akasema.

Upawa ukaenda kwa wa pili, fundi wa kuchonga mizinga. "Tamu."

Wa tatu alikuwa Bi Mwashi, rafiki wa Nyamizi. "Tamu." Wa nne na wa tano walikuwa ndugu wa tumbo moja, wakasema tamu kwa sauti moja ya puani. Wa sita alikuwa Masele. Huyu Masele ukimwambia jua limechomoza, anatoka nje kuhakikisha. Alikuwa akibishana mpaka na mbuzi. Nyamizi alimtazama akichota, akameza, koo lake likapanda na kushuka.

"Tamu," akasema Masele.

Upawa ukamfikia Nyamizi. Akachota, akafumba macho kama alivyofundishwa.

Mwanzoni ilikuwa tamu, ncha ya ulimi tu. Kisha akafika mahali. Aliona nyumba zisizo na paa. Aliona ua uliozungushwa kwa mnyaa, ule mmea usio na majani, wenye utomvu mweupe unaopofusha macho. Mnyaa ulikuwa umechanua vimaua vidogo vya kijani, na nyuki walikuwa wamejaa juu yake. Yalikuwa mahame, kijiji kilichohamwa na watu zamani. Hapakuwa na sauti ya kuku wala ya mtwangio. Na hapo ndipo koo lilipowaka. Liliwaka kama mtu aliyemeza pilipili nzima, machozi yakamjaa nyuma ya kope, na masikio yakaanza kuvuma.

Akafumbua macho. Nyuso sita zilikuwa zikimtazama, zimetulia kama sahani. Nyuma yao alisimama Msonda na mikono yake iliyovimba. Nyuma ya Msonda kijiji kizima, midomo imekwisha kujiandaa kupiga vigelegele.

Watu sita, akawaza Nyamizi. Na Masele ni mmoja wao. Itakuwaje wote sita wakose, nipate mimi niliyekaa hapa juzi? Akamkumbuka mama yake na moyo ukamuuma: pengine ulimi ule ulikuwa wa mama, nao umezikwa naye. Hofu ikamwingia kuliko hata ule moto wa kooni. Akiambiwa ulimi wake umekufa, kigoda kitachukuliwa na mtu mwingine, na jina la mama yake litaondoka duarani.

"Tamu," akasema.

Sauti ilitoka nyepesi, kana kwamba imesemwa na mtu wa upande wa pili wa ukungu. Vigelegele vikapasuka. Akaichukua nta, akafunga kilindo, akagandamiza kidole gumba. Alama ilikaa vizuri.

Akaenda nyumbani akiwa haisikii ardhi chini ya miguu. Asali ile ilikuwa imempanda kichwani. Mabua ya uzio yalikuwa yakimwinamia, kivuli chake kilimtangulia halafu kikarudi kumngoja. Na jambo la ajabu ni hili, wanangu, msikilize vizuri: alivyokuwa akitembea, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba asali ilikuwa tamu. Kila alipopita mlangoni pa mtu aliitwa mayu, yaani mama, akaambiwa, "Hongera, mayu, mwaka huu asali tamu," naye akajibu, "Tamu sana." Alipofika kwake alikuwa ameusahau mwasho wote, umebaki kama ndoto ya mtu mwingine. Kile kijiji kisicho na watu akakisukumia mbali. Akajiambia ni moshi.

Alipokwenda kisimani alimkuta Bi Mwashi ameinama juu ya ndoo, anakunywa maji kwa viganja, anapumzika, anakunywa tena. Walitazamana kidogo.

"Joto la leo," alisema Bi Mwashi.

"Joto kweli," alisema Nyamizi, naye akachota akanywa.

Wakanywa wote wawili, marafiki wa tangu utotoni, kila mmoja akimficha mwenzake koo lake. Nikifika hapa hucheka, halafu kicheko huniishia. Kama mmoja wao angesema neno moja tu pale kisimani, hadithi ingeishia kwenye ndoo ile.

Jua likapinda. Ngoma ikalia. Kabula akaletwa, amejifunga kitenge chini ya tumbo, anatembea taratibu huku mumewe amemshika kiwiko. Watu wakampisha. Ukungu ulikuwa umepungua, lakini moshi bado ulining'inia juu ya miti, mwanga ukawa wa rangi ya asali yenyewe, na kila mtu alionekana mzuri.

Nyamizi akaipasua nta. Akachota, akajaza bakuli la mti hadi ukingoni. Harufu ikampanda puani, na kwa mara ya pili akaziona zile nyumba zisizo na paa. Safari hii alijua ni nini. Mikono ikawa mizito. Hata hivyo ikaendelea kunyooka mbele, maana watu wote walikuwa wakiitazama na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Bakuli likafika mikononi mwa Kabula.

Kabula akalinyanyua. Kabla ya kuliweka mdomoni akatabasamu, akauliza kama mtoto yeyote anavyomuuliza mama yake jikoni:

"Mayu, ni tamu?"

Nyamizi akafungua mdomo. Lile neno lilikuwa karibu kabisa, limeshazoea njia. Lakini halikutoka.

"Wamesema tamu," akajibu.

Kabula akalishusha bakuli kidogo. "Sikuwauliza wao, mayu. Nimekuuliza wewe."

Nyamizi alimtazama binti yake, akalitazama lile tumbo. Akalipiga bakuli kwa kiganja. Lilianguka na asali ikatambaa kwenye vumbi.

"Kali," akasema. Kisha akapiga kelele: "Kali! Kali! Inaunguza koo!"

Msonda akapenya katikati ya watu. "Umeonja asubuhi mbele yetu sote ukasema tamu!"

"Nilisema uongo."

"Siku kumi, Nyamizi! Tazama mikono yangu! Sita walionja kabla yako, wote wakasema tamu, wewe peke yako ndiye mwenye ulimi?"

"Labda sina ulimi," alisema Nyamizi huku machozi yakimtoka, "kichukueni kigoda mkitaka. Lakini mwanangu hatainywa. Asali hii ni ya mnyaa. Mmeitoa mahameni, Msonda. Niambie mbele ya watu kwamba hamkuitoa mahameni."

Msonda akaitazama mikono yake. "Hapakuwa na maua mahali pengine," akasema polepole. "Tulidhani asali ni asali. Na tulijua itaonjwa."

Watu wakaanza kunong'onezana. Nyamizi akawageukia waonjaji wenzake. Hakuwa na ujasiri tena, alikuwa na hofu tu, na aliuliza kama mtu anayeomba maji. "Bi Mwashi. Pale kisimani. Lilikuwa joto?"

Bi Mwashi akajifunika uso kwa upindo wa kanga. "Iliniwasha mpaka masikioni," akasema. "Lakini wawili walikuwa wameshasema tamu. Nikadhani ni kidonda changu cha fizi."

Wale ndugu wawili wakasema waliona wengine watatu wametulia, wakajikaza. Masele akakohoa.

"Mimi nilitaka kusema kali," alisema, akitazama chini. "Nikawaza, watasema Masele na ubishi wake. Siku moja nikaona nifanane na watu."

Fundi wa mizinga, yule wa pili, akasema yeye alimtazama Mzee Ngasa. Nani angemkosoa Mzee Ngasa, aliyeonja asali miaka yote ile? Basi macho yote yakarudi nyuma, kutoka wa saba hadi wa kwanza, kama upawa uliogeuza njia.

Mzee Ngasa alikuwa bado ameketi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi sisikii ladha," akasema. "Tangu ile homa iliyotaka kuniua. Hii ni misimu mitano sasa. Nikitia asali mdomoni ni kama nimetia maji, nikitia chumvi ni vilevile. Niliona aibu kuwaambia. Nikajiambia hakuna ubaya, nitasema tamu, na kama ni mbaya basi sita walio nyuma yangu watasema."

Midomo saba ilikuwa imepitisha upawa ule, na asali haikuwa imeonjwa. Wa mbele aliwategemea wa nyuma, wa nyuma wakamtegemea wa mbele, na katikati ya uaminifu wote huo alikuwa amesimama Kabula na bakuli mkononi. Watu walipoangalia chini, waliona sisimizi wamefika kwenye ile asali iliyomwagika. Walisimama ukingoni, wakapapasa, wakageuka na kuizunguka kwa mbali. Sisimizi wale kila mmoja alionja mwenyewe.

Vilindo vinne vikamwagwa. Msonda alivimwaga mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akaketi chini akalia kwa sababu ya mikono yake, na wanawake wakamkanda kwa maji ya uvuguvugu. Waonjaji waliugua siku tatu, wanatapika na kuota ndoto za vijiji vitupu. Nyamizi alikuwa bado kitandani Kabula aliposhikwa na uchungu. Akajifungua mtoto wa kike, bila asali, kwa nguvu zake mwenyewe na kelele zilizofika ng'ambo ya mto. Nyamizi alipopewa mtoto amshike alilia sana, na kilio chake hakikuwa cha furaha peke yake. Alijua umbali kati ya bakuli lile na mdomo wa binti yake ulikuwa mdogo kiasi gani, na alijua ni nani aliyelijaza.

Msimu uliofuata miti ilichanua, na asali ikaja kwa wingi. Kigoda cha kwanza akapewa Nyamizi. Mzee Ngasa alikuwa amekirudisha mwenyewe, na siku hiyo alisimama nyuma na watu wengine, amejiegemeza kwenye fimbo.

Nyamizi akaonja, akafumba macho, akaona maua. "Tamu," akasema.

Upawa ukaenda kwa Bi Mwashi, ambaye sasa alikuwa wa pili. Akachota, akatia mdomoni, akakaa nayo. Akaigeuza upande huu wa shavu, akaigeuza upande ule. Watu wakangoja. Mtoto akalia mahali fulani akanyamazishwa. Wengine wakaanza kusogeza miguu, na kijana mmoja aliyekuwa na haraka akaita kutoka nyuma, "Bi Mwashi, si umesikia mwenzio amesema tamu?"

Bi Mwashi akameza, akamtazama Nyamizi, akatazama chini.

"Nipeni maji nisukutue," akasema. "Nionje tena."

Kijana akacheka. Hakuna aliyemfuata kucheka. Na ndipo Mzee Ngasa aliponyanyua fimbo yake, akasema kwa sauti ambayo Ugalo yote iliisikia:

"Mwache. Asali haionjwi kwa ulimi wa jirani."